Mbuni Katikati ya Shamba Langu

Kuna watu husema mbuni akiogopa anafukia kichwa mchangani. Nimewasikia wasomi wakilisema hilo mbele za watu, wamevaa suti, na hakuna mmoja wao aliyewahi kukaa siku tatu mahali wanapokaa mbuni. Ndege akifukia kichwa atavuta pumzi kwa wapi? Mimi nina darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza, lakini ndege nawajua. Nyumba ninayolala imeezekwa kwa ndege. Kuku ndio walioanza kunitoa kwenye umaskini, na katikati ya habari za kuku ndipo alipoingia mbuni, ambaye sikumla wala sikumuuza, na ndiye ninayemheshimu kuliko wote.

Kaka yangu, tuliyezaliwa tumbo moja, alirithi ng'ombe wa baba. Mimi nilirithi fimbo ya kuwachungia. Nilichunga mpaka ndevu zikaota, nakula kwake, navaa alichokichoka yeye. Kisha ikaja ile miaka biashara ilipofunguliwa. Zamani ukikutwa barabarani na magunia mawili ya mahindi uliitwa mlanguzi. Sasa ikawa ruksa, kila mwenye miguu anunue na auze. Mimi nilikuwa na miguu. Nikanunua kuku vijijini upande wa Kinyangiri na Nduguti, nikawapanga kwenye matenga nyuma ya baiskeli, nikawafikisha Singida mjini kwa matajiri waliowapeleka Dar es Salaam. Hakuna aliyenifundisha. Kuku mgonjwa nilimjua kabla sijashuka kwenye baiskeli. Mtetea aliyekaribia kutaga nilimjua kwa kumpapasa mara moja tu.

Halafu ukaja mdondo. Wenye kuku wanaujua: mabawa yanashuka, shingo inapinda, ndege anazunguka kama mlevi, na kesho yake banda zima ni manyoya matupu. Kwangu walibaki mitetea wawili na jogoo mmoja mwekundu, ambaye alipita katikati ya vifo vile bila hata kupiga chafya. Kaka akaja kunipa pole. Akakaa, akanywa maji, akasema, "Mdogo wangu, fimbo yako bado ipo mlangoni."

Maneno yale yaliniuma kuliko kuku waliokufa.

Nikaamua kulima alizeti. Mashine za kukamua mafuta zilikuwa zimeanza kunguruma Singida na Kiomboi, na wenye mashine walipita vijijini wenyewe kutafuta alizeti. Niliomba serikali ya kijiji heka kumi na mbili kule mbugani, chini kabisa, mahali ambapo watu walisema ni pa fisi. Walinipa upesi, maana hakuna mwingine aliyepataka. Nilichobakiwa nacho chote nikakiingiza humo. Tukajenga kibanda pembeni ya shamba, tukahamia mimi, mke wangu, watoto na wale kuku watatu.

Trekta lilikuwa moja kwa upande wetu wote. Lilikwenda kwa zamu, shamba hadi shamba. Zamu ikikupita, unangoja limalize mzunguko wote, na kwetu mvua hazimngoji mtu, zikikatika zimekatika. Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: nikilima msimu ule, nimekuwa mtu. Nisipolima, narudi mlangoni kwa kaka kuchukua fimbo.

Nilikuwa peke yangu nafyeka vichaka, jua kali, nilipomwona yule dume. Mweusi tii, ncha za mabawa nyeupe, shingo na mapaja mekundu kama nyama iliyotoka kuchunwa. Alikuwa hatua kama hamsini kutoka nilipo. Mara akaanguka. Akainuka, akayumba, bawa moja likaburuta chini, shingo ikapinda huku na huku.

Mtu mwingine yeyote angeona mbuni aliyeumia. Mimi mtu wa kuku niliona mdondo. Nikasema, umefika mbugani, umeingia kwa ndege mkubwa kuliko wote. Akifa hapa kunguru watamla, kunguru watatua kwenye kibanda changu, na jogoo wangu kwisha habari yake. Nikashika rungu nimfuate, nimmalize, nimchome moto.

Akajikokota. Nikiongeza hatua, naye anaongeza kidogo. Nikisimama kupumua, anaanguka chini na kupigapiga bawa, ananingoja. Huruma hata ikaniingia, nikamwambia, "Tulia basi, nikupumzishe." Tulikwenda hivyo mpaka korongoni, mbali kabisa na kazi yangu. Hapo mgonjwa akasimama wima. Akakunja mabawa taratibu kama mtu anayekunja shuka, akanitazama kwa jicho lile kubwa lenye kope, akaondoka kwa mbio ambazo baiskeli yangu isingezipata hata kwenye mteremko.

Nilirudi nina hasira. Karibu na pale nilipokuwa nafyeka nikaona kichuguu ambacho sikukikumbuka. Kilikuwa cha kijivu, kimelala chini, na kilikuwa na jicho. Alikuwa jike, amekalia mayai, shingo yote ameilaza ardhini, kichwa kimetulia juu ya mchanga. Juu, siyo ndani. Nadhani huko ndiko wale wenye suti walikookota habari yao.

Jioni nikamsimulia mke wangu, aliyekuwa anapepeta mtama.

"Umemfuata mgonjwa mpaka wapi?" akauliza.

"Mpaka korongoni."

"Na mgonjwa akafanyaje?"

"Akaenda zake."

"Kwa kujikokota?"

"Kwa mbio."

Akaweka ungo chini, akajifuta macho kwa kanga. "Basi baba watoto, katika nyie wawili mwenye mdondo namjua."

Tangu siku ile nikawa na kazi mbili, kufyeka na kutazama. Nilijichagulia mgunga mmoja mbali kidogo, nikakaa chini yake kila nilipochoka, na mbuni wakanizoea kama wanavyomzoea mchungaji. Nilianza kwa kudharau. Nilidhani kuku ni kuku, akiwa mrefu au mfupi.

Kiota chenyewe si kiota. Ni shimo jepesi ambalo dume amelichimba kwa kifua na kucha, halina hata jani moja. Majike walikuwa watatu: mke mkubwa, ambaye ndiye niliyemkuta amelala, na wawili waliokuja kutaga na kuondoka. Siku zile za mwanzo walikuwa hawajaanza kulalia kwa dhati, na saa za adhuhuri waliyaacha mayai wakaenda kula. Nikapata nafasi ya kusogea. Yai moja unalibeba kwa mikono miwili, jeupe la maziwa, gumu kama bakuli la udongo.

Sisi wenye kuku tuna desturi. Ukimtamisha mtetea, yale mayai unayomwekea unayachora alama kwa mkaa, ili mwenzake akija kutaga juu yake uyajue mageni na uyatoe. Nikafanya vilevile. Nilikaa chini ya mgunga nikamwona ni nani ametaga, kisha adhuhuri nikaenda na kipande cha mkaa: mstari mmoja kwa yai la mke mkubwa, mistari miwili kwa mayai ya wale wadogo. Yalipofika ishirini na mawili, mke mkubwa akaanza kulalia. Nikaona mayai manne yamesukumwa nje, yamekaa pembeni kwenye mchanga.

Nikasema, huyu mama hajui kazi. Yai likikaa nje linapoa, linakufa. Adhuhuri moja aliposimama kunyoosha miguu nikanyata, nikayarudisha yote manne katikati, nikayabana vizuri kama ninavyowapangia mitetea wangu. Kesho yake yalikuwa nje tena. Nikasema ni bahati. Nikayarudisha, nikayachanganya na mengine makusudi. Kesho yake yako nje, na yalikuwa yaleyale: kila moja lina mistari miwili. Lenye mstari mmoja halikutoka hata moja.

Ninyi mliosoma nielezeni. Mayai ishirini na mawili yanafanana kama punje za mtama, na yule ndege alijua lipi limetoka tumboni mwake. Hakuwafukuza wenzake. Aliwaacha watage, akayakubali mengi yao, na yaliyozidi nafasi ya tumbo lake akayaweka nje. Mbweha akija, anakutana na ya nje kwanza. Mbweha alikuja kweli, akachukua moja, lenye mistari miwili. Niliacha kumsaidia tangu hapo. Nilikuwa naharibu mipango ya mtu.

Nilipomweleza mke wangu, alisikiliza mpaka mwisho. "Umenena vizuri," akasema. "Ila usije ukajifunza huko mambo ya wake watatu."

Na dume! Jogoo wangu mwekundu, pamoja na sifa zake zote, hakuwahi kulalia yai hata dakika moja. Kazi yake kupanda na kuwika. Dume wa mbuni, jua likianza kushuka, anakuja anatembea polepole, jike anasimama, wanatazamana, na yeye anakaa. Mweusi kama usiku, anakaa usiku kucha, asionekane. Asubuhi anampokea yule wa kijivu, rangi ya vumbi la mchana. Nilikuwa na watoto wanne wakati ule na sikuwahi kumbembeleza hata mmoja mpaka akalala. Nisiwadanganye kwamba nilibadilika. Lakini nililiona, na lilinikaa.

Wala si mpole. Fisi alikuja alfajiri moja kukikaribia kiota. Dume akatoa sauti kutoka kifuani, ule mngurumo ambao wachungaji wetu wakiusikia kwa mbali hushika mikuki wakidhani ni simba. Teke lake halitoki nyuma kama la punda, linakuja mbele, na mguu una vidole viwili tu, kimoja kina ukucha kama sururu. Fisi alirushwa kama gunia tupu. Akaondoka anachechemea, na yeye hakuwa anaigiza.

Nilimwona pia akila mawe. Anachagua, anaacha hili, anameza lile, unaliona linashuka shingoni kama mtu anayeteremka ngazi. Hana meno; anasaga chakula kwa firigisi, kama kuku, ila ya kwake nadhani ingejaza sufuria.

Firigisi nimeitaja kwa sababu ndiyo iliyotuokoa.

Siku ya trekta ilikuja mapema. Tulikuwa tumepanga wiki mbili mbele, na nilikuwa nimehesabu kwamba mayai yatakuwa yameangua. Asubuhi nikasikia mngurumo, na dereva akashuka, kijana mrefu wa upande wa Kiomboi, ana vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Wa mbele yako hajang'oa visiki. Nimemruka. Nalima kwako leo, kesho naondoka."

Nikamwonyesha. "Pale katikati kuna mbuni amelalia. Zimebaki siku chache. Utamzunguka, uache duara."

Akatazama, akacheka. "Mzee, mimi nalima kwa mistari. Jembe hili la sahani halichezi ngoma. Nikianza kukata kona kwa ajili ya ndege, mafuta yataniishia hapa, tajiri wangu atanitoa roho."

"Duara dogo."

"Na akiipiga taa teke, nani atanunua nyingine? Nalima lote, au naenda kwa jirani yako. Chagua wewe."

Nawaambieni ukweli, jibu lilikuwa mdomoni tayari. Lima. Sikuwa mlinzi wa ndege, na kesi ya kuvunja mayai ya ndege wa serikali wala sikuiwaza. Nilikuwa naiona ile fimbo mlangoni kwa kaka. Lakini kule katikati yule mama alikuwa ameshalaza shingo kwa sababu ya kelele za trekta, amekuwa kichuguu, na dume ameanza kuyumba na kuburuta bawa, anamwigizia trekta mdondo. Anaanguka, anainuka, anatutazama kama tunakuja. Trekta halikumfuata. Akarudi karibu zaidi, akaanguka tena.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda. "Kaka," akamwita dereva, "na kula nako tajiri wako amekukataza?"

"Hapana, dada."

"Basi zima hilo lipoe. Huwezi kulima na njaa." Akanigeukia. "Baba watoto, mkamate jogoo."

"Yule?"

"Una mwingine?"

Nikamkamata. Alikuwa mzito, na hakupiga kelele. Mdondo haukumweza, nilimweza mimi.

Sasa sikilizeni desturi yetu. Firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Mtoto hali, mke hali. Mgeni wa kawaida anapewa paja, anashukuru. Lakini mwenye nyumba akiitoa firigisi kwa mkono wake akampa mgeni, yule mgeni akiila amekuwa wa nyumba hiyo siku hiyo, na hawezi kumkatalia mwenyeji jambo lake. Mimi sikuwahi kuitoa. Nilipokuwa kwa kaka sikuionja kwa miaka yote ile, na nilipopata nyumba yangu niliapa kwamba kila firigisi itakayopikwa humo ni yangu. Hata kaka alipokuja kunitembelea nilimpa paja.

Mke wangu akaleta ugali na bakuli. Firigisi aliiweka upande wangu, kama siku zote. Akakaa kando, akatazama pembeni.

Tulinawa. Dereva akamega. Mimi nikaitazama ile firigisi, imepasuliwa, imeoshwa, imekunjana vizuri. Nikamtazama yule mjinga mweusi kule anayejiangusha mbele ya chuma. Nikaichukua, nikaiweka mbele ya dereva.

Mkono wake ukasimama hewani.

"Mzee, hii sili."

"Kwa nini?"

"Nikiila utaniomba ndege."

"Usipoila, nitajua kwenu hamkufundishwa adabu."

Mke wangu akakohoa ndani ya kanga. Dereva akalitazama trekta, akaitazama firigisi, akatikisa kichwa. Akaiweka mdomoni, akatafuna muda mrefu, maana jogoo yule alikuwa wa siku nyingi.

"Duara lenye ukubwa gani?" akauliza.

Tukalipima kwa hatua, mimi na yeye, mpaka pale dume alipoanza kuvimbisha mabawa kwa kweli. Dereva alianzia mwisho wa shamba akaja akisogea. Alilalamika kila kona, alinitukania mbuni wangu mpaka babu yake, lakini alikata duara, na kijana yule alikuwa fundi, hilo msimnyime. Udongo uliruka mpaka karibu na yule mama. Hakuinuka. Jicho tu lilikuwa linatembea, linalifuata gurudumu.

Jua liliposhuka, ilikuwa zamu ya dume. Tukamwona amesimama ng'ambo ya udongo mbichi, shamba lake limegeuka rangi, njia zake zote hazipo. Dereva akazima trekta bila kuambiwa. Dume akanyanyua mguu, akaukanyaga mtaro wa kwanza kama mtu anayejaribu maji, akaona unamshika. Akavuka wa pili. Akaja hivyo, hatua kwa hatua, mbele ya chuma lile ambalo bado lilikuwa na joto. Jike akasimama, wakatazamana. Akakaa.

"Kumbe ni baba huyo," dereva akasema.

"Ulidhani nani?"

Akawasha trekta tena. Alimalizia mistari iliyobaki kwa upande wa mbali.

Kaka alikuja kesho yake kuona. Akasimama na fimbo yake, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mdogo wangu, shamba lako lina kipara." Jina likashika, kijiji kizima. Nikaacha waseme. Kipara kilikuwa changu, na heka zilizolimwa zilikuwa zangu.

Mvua ya kwanza iliponyesha tulikuwa tunapanda, mke wangu mbele anachimba, mimi nyuma nadondosha mbegu. Akasimama ghafla, akaninyooshea kidole. Dume alikuwa anatoka kwenye kipara, na nyuma yake vifaranga, kila kimoja kikubwa kama mtetea wangu, manyoya kama majani makavu yaliyokatwakatwa. Nilihesabu kumi na tano. Mama alikuwa nyuma ya wote. Mtaro ukiwa mrefu, baba anasimama, anangoja wa mwisho apande. Walipita hatua chache kutoka tulipo, wakazikanyaga mbegu zetu, wakaenda upande wa mbugani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewafukuza.

Alizeti ilikubali. Bati lilipanda mwaka ule, na fimbo ya kaka ikamngoja mtu mwingine. Lakini lazima niseme na hili, kwa sababu sipendi kujisifu nusu. Watu walipoona alizeti yangu imestawi pa fisi, wote waliteremka kuomba ardhi. Miaka michache tu, mbuga ikawa mashamba mpaka korongoni. Mbuni wakasogea, wakasogea tena, na leo mtoto wa hapa anamjua mbuni kwa picha. Niliyewafungulia watu njia ni mimi. Niliwapa mbuni duara, nikachukua heka zilizobaki.

Kipara bado kipo. Wanangu wanataka kukilima, nimewaambia wangoje nife. Ukichimba kidogo unapata vipande vya maganda, vinene, vyeupe. Kuku wangu hupenda kuparua pale.

Na firigisi, tangu siku ile, hukatwa vipande viwili. Kimoja ni cha mama watoto.